Uzi: Kupanga data za kikoba kwenye DynamoDB, andika maswali kwanza majedwali baadae

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni wa wale wanaotengeneza apu na wameamua, au wameamuliwa na bosi, kutumia DynamoDB, ile databesi ya Amazon ya mtandaoni. Utakuwa mrefu mnivumilie.

Kitu ninachokiona sana ni mtu kuchukua majedwali yake ya MySQL, wanachama, mikopo, malipo, anayahamishia kule kama yalivyo, kila jedwali na id yake 1, 2, 3, afu baada ya muda anaanza kulalamika eti haina joini (kuunganisha majedwali mawili kwenye swali moja), haina ripoti, bili inapanda. Kule hupangi vitu, unapanga maswali. Kama hujui apu yako itauliza nini, usifungue hata konsoli, ule ukurasa wa kutengenezea majedwali.

Historia kidogo ili muelewe kwanini iko hivyo. Amazon walitoa andiko la Dynamo, databesi yao ya ndani, mwaka 2007, huduma yenyewe ya DynamoDB ikaja Januari 2012. Werner Vogels, mkuu wao wa teknolojia (CTO), aliwahi kueleza kwamba walipochunguza databesi zao wenyewe wakakuta kama asilimia 70 ya kazi ni kuchukua rekodi moja kwa ufunguo wake, basi, hakuna joini wala mbwembwe. Wakajenga kitu kinachofanya hilo kwa kasi ileile uwe na rekodi elfu moja au bilioni, na mengi ya yale mengine wakayaacha nje makusudi. Sasa we ukija kutafuta yale yaliyoachwa nje lazima uumie.

Mfano wangu ni kikoba, maana kila mtu humu ana mama au shangazi yuko kwenye kikoba. Watu 30 hivi, wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopa, wanarejesha, wanapigwa faini, mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Apu inahudumia vikoba vingi. Kabla ya kugusa chochote unakaa na katibu na mweka hazina unaandika maswali:

1. Mwanachama akiingia aone vikoba vyake vyote (wengine wako viwili vitatu).
2. Katibu aone wanachama wote wa kikoba.
3. Kikao cha tarehe fulani, nani kaweka hisa ngapi na nani kapigwa faini.
4. Taarifa ya mtu mmoja ndani ya kikoba kimoja, kwa tarehe.
5. Mikopo iliyopitiliza siku.
6. Malipo haya ya simu yenye namba hii ya muamala, tumeshayaandika au bado?
7. Kwenye mfuko kuna shilingi ngapi sasa hivi.

Saba tu. Sasa funguo. DynamoDB kila rekodi ina ufunguo wa patishoni (PK), unaoamua rekodi ikae wapi, na ufunguo wa kupanga (SK), unaozipanga rekodi zilizokaa pamoja. Kweri moja (yaani swali moja unaloituma databesi) inaingia kwenye PK moja tu, ndani yake unaweza kusema nipe SK zinazoanza na herufi hizi au zilizo kati ya hii na ile. Ndio uwezo wote huo, hakuna zaidi, lakini ukiupanga vizuri unatosha sana:

```
PK              SK
KIKOBA#8841     MAELEZO
KIKOBA#8841     MWANACHAMA#m0231
KIKOBA#8841     KIKAO#2025-03-08#HISA#m0231
KIKOBA#8841     KIKAO#2025-03-08#FAINI#m0107
KIKOBA#8841     MKOPO#k0052
MUAMALA#<namba> MUAMALA
```

Swali la 2 ni kweri ya KIKOBA#8841, SK zinazoanza na MWANACHAMA#. Swali la 3 ni SK zinazoanza na KIKAO#2025-03-08. Kweri moja moja, zinarudi zimeshapangwa.

La 1 na la 4 yanauliza kwa upande wa mtu sio wa kikoba, hapo ndo unaweka indeksi ya pembeni, ile GSI (Global Secondary Index), yaani nakala ya rekodi iliyopangwa kwa funguo nyingine. Rekodi ya uanachama unaiongezea GSI1PK = MTU#m0231 na GSI1SK = UANACHAMA#8841. Rekodi ya hisa unaipa GSI1PK hiyohiyo, GSI1SK yake ni 8841#2025-03-08#HISA. Rekodi ni zilezile, zimegeuzwa upande tu.

La 5 ndo ninalolipenda. Rekodi ya mkopo unaipa GSI2PK = KIKOBA#8841 na GSI2SK = tarehe ya mwisho ya rejesho, ila unaziweka hizo fildi mbili *wakati mkopo uko wazi tu*. Mtu akimaliza deni unazifuta. Rekodi isiyo na fildi za indeksi haiingii kwenye indeksi, kwahiyo GSI2 inabaki na mikopo hai peke yake, unauliza zilizo chini ya tarehe ya leo, kwisha. Mkopo wa miaka mitatu iliyopita haukugharimu hata senti kuuruka maana haupo pale.

Angalizo la tarehe: andika 2025-03-08, usiandike 08-03-2025. Ufunguo wa maandishi unapangwa herufi kwa herufi, ukianza na siku basi tarehe 1 za miezi yote zinakaa pamoja. Namba nayo ukiiweka ndani ya maandishi ijaze sifuri mbele, la sivyo 10 inatangulia 9.

La 6 na 7 nitarudi, ngoja nipumzike.

#2

Mkuu nondo tupu. Endelea tupo.

#3

Niko Nairobi, huku tunaita chama. Na swali langu ni moja tu: watu 30, rekodi chache hivi, mbona usitumie tu Postgres, databesi ya majedwali ya kawaida, ulale usingizi? Ungekuwa umemaliza hiyo kazi na joini zako mbili ukaenda kunywa chai. Hii ya kugeuza funguo naona ni kujitafutia kazi.

#4 (mwanzisha uzi)

@3 ndugu yangu hujakosea na sitakubishia. Kama bado hujui maswali yako, yaani kila wiki bosi anakuja na wazo jipya, nenda Postgres bila aibu. Anayekwambia tofauti anakuuzia kitu.

Ila kuna sababu za kweli zinazonileta huku. Vikoba vingi vinakutana wikiendi. Jumamosi na Jumapili apu inapigwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, Jumatatu hadi Ijumaa kimya. Seva ya Postgres unailipia siku zote saba. Huku tangu Novemba 2018 kuna malipo kwa matumizi, usiposoma wala kuandika hulipi kitu zaidi ya nafasi ya kuhifadhi, na GB 25 za kwanza za kuhifadhi ni bure. Halafu ukitumia Lambda (huduma ya Amazon ya kuendesha kodi bila seva yako) huna habari ya koneksheni 500 kukaba databesi kwa pamoja. Hakuna wa kuamka usiku kufanya apudeti. Kwa timu ya watu wawili hilo sio dogo.

Sasa la 6 na 7. Malipo ya simu yana tabia moja: taarifa ya muamala inaweza kuja mara mbili. Mtandao ulikatika, wao hawakupata jibu lako, wanaituma tena. Usipojikinga mama wa watu anaonekana kanunua hisa mara mbili, na mweka hazina anaitwa mwizi kwenye kikao. Kwahiyo unaandika transakshoni moja yenye vitu vitatu: rekodi ya MUAMALA yenye sharti `attribute_not_exists(PK)`, yaani iandikwe tu kama haipo tayari, rekodi ya hisa, na kuongeza kiasi kwenye jumla iliyoko MAELEZO. Vyote vinapita au hakuna kinachopita. Ikija mara ya pili sharti linakataa, unawajibu tumepokea, maisha yanaendelea. Na jumla ya mfuko unaisoma kwenye rekodi moja badala ya kujumlisha historia nzima kila mtu anapofungua apu.

Ila jueni transakshoni inatoza mara mbili ya uandishi wa kawaida, na mwisho ni vitu 100 kwa mpigo (zamani ilikuwa 25, wakapandisha 2022). Kwa pesa za watu lipa tu.

#5

Mi nimeshaanza mradi na bili inanitisha. Nina jedwali moja la malipo, PK ni id ya malipo. Nikitaka malipo ya kikoba fulani natumia filta, nachagua kikobaId sawa na kadhaa. Inaleta majibu sahihi kabisa, tatizo liko wapi?

#6

Mkuu hapo kwenye filta ndo mnapoibiwa wengi. Filta inafanya kazi *baada* ya data kusomwa. Unachofanya hapo ni skani, inasoma jedwali zima MB 1 kwa MB 1, inazitupa zisizohusika, na unalipia zote. Ni kununua gunia zima la mchele kila siku ili upike kikombe kimoja.

Piga hesabu mwenyewe. Usomaji unatozwa kwa kila KB 4, nusu yake kama hujali kupata nakala iliyochelewa kidogo. Jedwali la GB 2 ni kama uniti 262,000 kwa skani moja hata kwa ile bei ya nusu. Kweri ya wanachama 30, kila rekodi baiti 300, ni KB 9, inapandishwa mpaka 12, ni uniti moja na nusu. Swali lilelile, jibu lilelile.

Filta ina matumizi yake, mfano umeshaleta rekodi za kikao kimoja unataka kuondoa chache. Kama inatupa zaidi ya inachobakiza, ufunguo wako haujakaa sawa.

#7

Samahani kwa kuingilia, mi natumia Firestore, databesi ya Google, na apu naijenga kwa Flutter. Haya yote yananihusu au niendelee kusoma kimyakimya? Halafu dada zenu tupo humu, sio kila mtu "mkuu" na "ndugu yangu" 😀

#8 (mwanzisha uzi)

@7 dada karibu sana, yanakuhusu. Wazo ni lilelile ila mahesabu tofauti. Firestore unatozwa kwa dokumenti unayosoma, haijali ni ndogo kiasi gani ilimradi haizidi MiB 1. Orodha ya wanachama 30 ni usomaji 30 kila mtu anapofungua ukurasa. Kwahiyo vitu vidogo vinavyoonekana pamoja, majina na hisa za kila mmoja, viweke kwenye dokumenti moja ya muhtasari, usomaji unakuwa mmoja. Hapo kwenye DynamoDB hali ni kinyume kidogo, rekodi nyingi ndogo chini ya PK moja zinajumlishwa ukubwa ndo zinatozwa, kwahiyo huna haja ya kuzibananisha.

Pia dokumenti moja Firestore wanashauri usiiandike zaidi ya mara moja hivi kwa sekunde kwa muda mrefu. Jumla ya kikoba sawa, jumla ya apu nzima usiiweke kwenye dokumenti moja.

Na niseme ukweli, kwa vikoba vya vijijini Firestore ina kitu DynamoDB haina: simu inahifadhi data yenyewe mtandao ukikatika na inatuma ukirudi. Katibu anaandika kikao kizima chini ya mwembe bila bando. Huku kwetu hilo unalijenga mwenyewe na sio kazi ndogo.

#9

Naona mnaweka kila kitu jedwali moja. Nimefuatilia hii kitu ya jedwali moja, wapo wanaoihubiri kama dini, eti ukiwa na majedwali mawili hujui DynamoDB. Mi naona inaleta usomaji mgumu, mtu mpya akija kwenye timu anaangalia PK, SK, GSI1PK, GSI1SK anadhani ni namba za magari.

#10

@9 umesema kweli. Mi kanuni yangu, vinavyosomwa pamoja au kuandikwa pamoja vikae pamoja. Kikoba, wanachama, hisa, mikopo, sawa. Kumbukumbu za nani kaingia saa ngapi, hizo zina jedwali lake, zina muda wa kuisha, zinafutwa zenyewe kwa TTL (fildi ya muda wa kuisha unayoiweka kwenye rekodi), na huhitaji kuzifanyia bakapu. Ukizichanganya unalipia bakapu ya takataka.

Hiyo TTL nayo msiitegemee kwa dakika. Ukiandika rekodi iishe saa sita mchana inaweza kufutwa hata siku mbili baadae, kwahiyo kwenye kusoma weka filta ya muda. La sivyo namba za siri za kuingilia, zile watu wanazotumiwa kwa meseji, zinaendelea kukubalika hata kama muda wake umeisha.

#11

Sisi ni shirika, mfadhili anataka ripoti ya mkoa mzima, wanawake wangapi wamekopa zaidi ya laki tano robo hii, kwa wilaya, kwa umri. Tuweke GSI ngapi?

#12 (mwanzisha uzi)

@11 sifuri. Hilo sio swali la apu, ni swali la ripoti, na wiki ijayo mfadhili atataka kwa kata, kwa aina ya biashara, na kwa rangi ya khanga. Limiti ya kawaida ni GSI 20 kwa jedwali lakini hata wakikupa 200 usingemaliza. Na kila GSI ni nakala nyingine unayoilipia kila unapoandika.

Tangu 2020 kuna njia ya kutoa jedwali zima kwenda S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon) bila kugusa usomaji wa jedwali lenyewe, lazima tu uwe umewasha ile bakapu ya kurudi nyuma kwa wakati. Ukishaziweka S3 unaziuliza kwa SQL ya kawaida ukitumia Athena, huduma yao ya kuuliza mafaili yaliyoko S3. Toa mara moja kwa wiki, mfadhili hahitaji data za dakika hii.

#13

Niongezee hapo mambo ya sheria mtu asije akaumia. Data za watu na mikopo yao ni taarifa binafsi, Tanzania kuna sheria ya 2022, Kenya ya 2019, na zote zina masharti ya kutoa data nje ya nchi. Cape Town iko karibu, AWS (huduma za mtandaoni za Amazon) wamefungua vituo vya data pale 2020, ila Cape Town sio Dar. Pata mwanasheria kabla ya kupata wateja.

#14

Swali la kizembe. PK nikiweka tarehe si itakuwa rahisi? Malipo yote ya leo yako sehemu moja, napata ripoti ya siku.

#15

@14 sio la kizembe, ila hapana. Patishoni moja inabeba uandishi 1,000 na usomaji 3,000 kwa sekunde, ni dari ya patishoni sio ya jedwali. PK ikiwa tarehe, Jumamosi nzima vikoba vyote vinagonga mlango mmoja na milango mingine imelala. Huwezi kununua zaidi ya hapo.

Na msidhani GSI inawaokoa. Mtu anaweka GSI yenye PK ya hali, HAI au IMECHELEWA, maneno mawili tu kwa rekodi milioni. Indeksi ikizidiwa inazuia mpaka uandishi wa jedwali mama. Kama lazima upange kwa siku, igawe, 2025-03-08#0 mpaka 2025-03-08#9, unaandika kwa kuchagua mojawapo, unasoma zote kumi na kuunganisha mwenyewe.

#16

Mi ni katibu wa kikoba kweli, sio mtaalamu wa kompyuta sana. Nimesoma yote. Sijaona mzunguko. Sisi tukivunja mwaka, hisa zinarudi sifuri, tunaanza upya, wengine wanatoka na wapya wanaingia. Na pia kuna wadhamini, kila mkopo una wadhamini wawili, na mtu akitaka kudhamini lazima tujue anadhamini wangapi tayari.

#17 (mwanzisha uzi)

@16 katibu shikamoo, wewe ndo ulitakiwa uanzishe huu uzi. Haya ni swali la 8 na la 9.

Mzunguko unaingia kwenye PK: KIKOBA#8841#MZ03. Rekodi ya MAELEZO ya mzunguko inakaa humo na jumla yake inaanza sifuri. Kikoba chenyewe, jina, katiba, tarehe ya kusajiliwa, kinabaki KIKOBA#8841. Faida yake, mzunguko uliofungwa haujichanganyi na ulio wazi hata mtu akikosea tarehe, na wanachama wa MZ03 wanabaki walivyokuwa hata kama MZ04 wametoka. Siku ya kuvunja, mgao wa watu 30 unaingia kwenye transakshoni moja bila shida, 100 ndo mwisho.

Wadhamini usiwaweke kama orodha ndani ya rekodi ya mkopo, maana huwezi kuuliza kwa kilichomo ndani ya orodha. Kila mdhamini rekodi yake, SK = MKOPO#k0052#MDHAMINI#m0107, GSI1PK = MTU#m0107, GSI1SK = UDHAMINI#k0052. Kweri ya mtu, UDHAMINI#, hesabu zinazorudi. Mkopo ukiisha futa hizo fildi za GSI1 kama tulivyofanya kwa mikopo. Na kwa sababu SK inaanza na MKOPO#k0052, ukiuliza mkopo unapata na wadhamini wake kwa kweri hiyohiyo.

Kitu kimoja hapo, usomaji wa GSI huwa unachelewa kidogo nyuma ya jedwali. Mtu akidhamini wawili ndani ya sekunde moja indeksi inaweza isijue. Kama katiba inasema mwisho wawili, weka kaunta kwenye rekodi yake ya uanachama na sharti la isizidi 2, ndani ya transakshoni ya kutoa mkopo.

#18

Hiyo m0231 ni nini hasa? Mi ningetumia namba ya simu, kila mtu anayo na haijirudii.

#19 (mwanzisha uzi)

@18 ufunguo ukishaandikwa haubadilishwi. Huwezi kuapudeti PK wala SK, unafuta rekodi na kuandika upya, na hapo ni kila hisa, kila faini, kila udhamini wa huyo mtu. Watu wanapoteza laini, wanahama mtandao, laini isiyotumika inafungwa baadae anauziwa mtu mwingine kabisa. Toa id yako mwenyewe isiyo na maana yoyote, halafu weka rekodi ndogo PK = SIMU#<namba>, ndani yake imeandikwa m0231. Akibadilisha laini unafuta rekodi moja unaandika nyingine, na sharti lilelile la attribute_not_exists linahakikisha namba haijasajiliwa mara mbili.

#20

Na mtu mwenye laini mbili?

#21 (mwanzisha uzi)

Rekodi mbili za SIMU#, zote zinaelekeza m0231.